Begi la mgongoni la lita 40 la mtumba wa Darajani: Pemba, Dar na ndege za nje

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Begi zuri, nalipa alama nane kwa kumi, na kwa mtu anaeishi Unguja ambae safari zake ni Pemba, Dar na mara moja moja nje ya nchi, mie sioni sababu ya kwenda Mlandege kununua sanduku la magurudumu. La magurudumu nnalo, nshampa shemeji yangu anaekea nguo za watoto.

Hili nimelitoa mtumba pembeni mwa soko la Darajani, lebo yake imefutika imebaki nusu herufi kwa hiyo msiniulize kampuni. Ni la kuvaa mgongoni lakini halifunguki juu tu kama la skuli, zipu yake inazunguka pande tatu, ukililaza kitandani linafunguka lote unaona kila ulichonacho. Mikanda ya mgongoni ina pahala pa kuifichia, unaisukumia ndani unafunga zipu ya nyuma, unabaki na mshikio wa juu na wa ubavuni, unalining'iniza mkononi na hakuna anaejua kama lilikuwa mgongoni dakika tano zilizopita. Nimelipima kwa tepu ya fundi cherehani: urefu sentimita 54, upana 35, unene 22 likiwa limejaa bila kushindiliwa, ukizidisha unapata lita 41 na kidogo. Tupu lina kilo moja na gramu mia tatu, hilo nimelipima kwenye mizani ya muuza mchele na alinicheka sana.

Hiyo kilo moja na mia tatu ndio habari yenyewe. Watu wakienda kununua begi wanauliza linaingia nini na nini, kisha rangi, kisha bei, uzito wa begi tupu hakuna anaeuliza, hata muuzaji mwenyewe ukimuuliza anakutazama kama umemtukana. Na kwenye ndege uzito ndio unaokukamata. Ethiopian mkononi kilo 7, Qatar kilo 7, Emirates kwa wanaopitia Dar kilo 7, Turkish wamekuongezea moja wamefika 8, Kenya Airways ndio wakarimu 12. Sasa chukua lile sanduku gumu la saizi 20 la magurudumu manne, tupu tu lina kilo mbili na nusu mpaka tatu na kitu, umebakiwa na kilo nne, toa laptop na chaja yake umebakiwa na mbili, hapo hujaeka hata ndara. Begi langu linaniachia karibu kilo sita. Kwa anaejua kufunga nguo hiyo ni safari ya wiki nzima bila ya kukaa kusubiri mzigo kwenye ule mkanda unaozunguka.

Vipimo navyo. Ethiopian na Turkish ni 55 kwa 40 kwa 23, hapo naingia sina maneno na mtu. Qatar ni 50 kwa 37 kwa 25, na langu ni 54, kwa karatasi limezidi sentimita nne. Lakini kwa vile ni laini, ile sehemu ya juu siijazi, naeka mtandio na kanga za kusalia tu, wakisema litie kwenye kile kichuma cha kupimia nalibonyeza linashuka. Sanduku gumu huwezi kulibonyeza, likizidi limezidi, utalipia. Hizi namba kampuni zinabadilisha zinavyotaka kwa hiyo tazama tiketi yako kabla hujafunga zipu, na tazama pia kama tiketi yenyewe ni ile ya bei ya chini kabisa maana kuna kampuni siku hizi hata begi la mkononi linalipiwa.

Kwa safari za Pemba kwa ndege mambo mengine kabisa. Zile Cessna Caravan za injini moja, nusu saa hivi umeshafika, kawaida ruhusa ni kilo 15 na humo wanahesabu kila kitu mpaka cha mkononi, na wanasisitiza begi liwe laini. Si kwa kuringa. Mizigo inatiwa kwenye tumbo la chini ya ndege, pahala pafupi, pembamba, na sanduku gumu likiingia humo linakula nafasi ya mabegi matatu na halipindi. Nshamuona abiria anaambiwa pale pale kaunta ahamishie nguo kwenye kiroba, watu wamepanga foleni nyuma yake, nguo za ndani na zote. Na msidhani mtalibeba ndani, zile ndege hazina vile vikabati vya juu ya kichwa, ulichonacho ni mapaja yako tu.

Ila safari yangu mie hasa ni boti, na naamini wengi wetu hivyo hivyo, ndege ya Pemba tunapanda siku ya msiba au siku ofisi inalipa. Kwenye boti mizigo mikubwa inaachwa pale mlangoni inapangwa chungu, na mkifika bandari ya Mkoani huko Pemba kila mtu anataka lake kwa wakati mmoja, huyu anavuta, yule anasema hilo langu, mtoto analia, na wachukuzi washaanza kupanda juu na nyie hamjashuka. Mwenye begi la mgongoni linakaa chini ya miguu yake au kiti cha pembeni, anasimama anavaa anashuka, mikono mitupu, mmoja wa kushikia mtoto mmoja wa kushikia ukuta. Nnaposema ukuta nna maana, ile ngazi ikiwa maji yametoka na boti inacheza hutaki kuwa na sanduku mkononi.

Na kipindi cha upepo wa kusi jamani. Mkishaiwacha Nungwi nyuma bahari inaanza kufanya yake, mabaharia wanapita wanagawa ile mifuko ya kutapikia, na baada ya robo saa kila mtu kainamia wake. Sakafu ya boti wakati huo siiamini. Ndio maana kitako cha begi nataka kiwe cha nailoni nzito isiyonyonya, ya kufuta kwa kitambaa kibichi ikatosha. Hili langu chini wameeka nailoni ya pili juu ya ile ya kwanza, nyeusi, ina vijistari vya plastiki vinavyoifanya isiteleze. Begi la turubai zuri kwa macho, wasichana wanapendezea picha nalo, lakini likishanyonya kitu kwenye boti ya kusi utalifua mpaka uchoke na harufu ipo.

Mkoani penyewe unashuka, gatini hapo unakuta bodaboda na gari, ya Chake Chake ni ile namba 603, ukiwa na sanduku linapanda keriani na ndizi na matenga ya watu, hujui litashuka na nani wala wapi, ukiwa na begi unakaa nalo mapajani. Bodaboda ndio usiseme, sanduku unalieka wapi? Dereva ataliweka mbele yake juu ya tangi asione njia. Na hapa kwetu Unguja pia, kwa wanaokaa Mji Mkongwe, ukitokea bandarini Malindi kuja Mkunazini unaburura magurudumu saa kumi na moja alfajiri kwenye zile njia, mtaa wote utaamka watu wafungue madirisha kuona nani kaja.

Sasa tuje kwenye kununua kwenyewe, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Mtumba una mabegi mazuri sana kuliko mapya ya bei ile ile, mapya mengi ya elfu arubaini hamsini ni kitambaa cha mwavuli na zipu za kukatikia airport. Lakini mtumba una maradhi yake moja kubwa nayo ni ule utando uliopakwa ndani.

Mabegi haya ya nje yanapakwa kwa ndani utando mwembamba wa poliyurethani, ndio unaozuia maji. Ule utando unaharibiwa na unyevu na joto, si kwa kutumika, hata likikaa kabatini miaka linaoza vilevile, na kwetu huku unyevu na joto ndio hali ya hewa yetu ya kila siku. Dalili zake ni tatu na zote unazipata kwa dakika moja. Fungua begi tia kichwa ndani unuse, kama kuna harufu ya uchachu, samahani lakini ni harufu ya matapishi khasa, lirudishe, hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa udi. Kisha pitisha kiganja kwenye kitambaa cha ndani, kikikunata kama sakafu iliyomwagika soda, lirudishe. Kisha kwenye pembe za chini kwangua kwa ukucha, ukitoka na magamba au unga mweupe basi lishaanza, miezi miwili mbele baibui zako zote zitakuwa na chenga nyeupe na kwenye nguo nyeusi zinaonekana kama mba. Hili langu utando wake mzima, ila najua haudumu milele, nalieka likiwa wazi, si kwenye mfuko wa plastiki, na sirundiki juu ya kabati karibu na bati.

Zipu. Tazama kichwa cha zipu kimeandikwa nini, YKK ni kampuni ya Kijapani ya tangu 1934 na zipu zake zinakaa, lakini herufi peke yake zisikudanganye maana bandia zipo kila pahala. Jaribu mwenyewe, lijaze begi na mabegi mengine ya pale pale kwenye fungu mpaka livimbe, kisha vuta zipu mzunguko wote, na kwenye kona ndio usikilize, ikisita kona moja leo ikiwa kavu kesho itakwama mazima. Mie napendelea meno ya plastiki ya kusokotwa kuliko ya chuma, chuma na chumvi ya bahari havielewani, ukitoka boti mara kadhaa unaona kile kichwa kimeanza kuota unga wa kijani au mweupe. Dawa yake mshumaa, unapitisha mshumaa kwenye meno unavuta mara mbili tatu inakwenda laini. Langu kichwa kimoja kilikuwa kimelegea, kinapita lakini hakifungi nyuma yake, nikampelekea fundi viatu akakibana kwa koleo, haikufaa, akabadilisha, elfu tatu imekwisha.

Mikanda: bonyeza sponji ya begani kwa vidole, ukiachia irudi juu, ikibaki imelala basi itakukata mabega ukifika nayo Darajani tu usifike Pemba. Pale mkanda unaposhonewa kwenye begi tazama kama kuna ule mshono uliorudiwa rudiwa mnene wa kisanduku, kama ni mshono mmoja wa kupita tu, begi hilo la skuli. Na angalia nyuma ndani kama kuna ubao wa plastiki au waya wa fremu, mara nyingi unatolewa, mie wa kwangu nimeutoa nimeuweka uvunguni na ndio kufika hiyo kilo moja na mia tatu. Bila ya fremu begi linakunja mgongo kidogo ukilijaza vibaya lakini kwa kilo saba mtu mzima huhisi kitu.

Bei. Kijana alianzia elfu 70.

"Dada hili orijino, Marekani hili, mzungu analipia dola mia mbili."

"Mwanangu, mzungu kanunua jipya. Mie nanunua lake la zamani, tena kichwa cha zipu kimekufa hichi hapa."

Akasema basi dada toa hamsini na tano tuombeane dua, nikasema arubaini, akanambia kwa arubaini haki ya Mungu hata nauli ya balo hairudi, tukaja tukakutana 45. Nadhani kwa mtumba wa hali ile hiyo ni bei ya haki, nimeona watu wanalipa thamanini kwa begi lishaanza kumenyeka. Muuzaji nampa sifa zake, kaniacha nijaze, nivae, nitembee mpaka kwenye kona nirudi, hakununa. Asieruhusu hivyo msinunue kwake.

Na kwa walioko nje au wanaoagiza kwa jamaa wa nje, jipya la aina hii ni kina Osprey Farpoint 40, lina kilo moja na nusu hivi na mgongo wake mzuri sana una fremu na mkanda wa kiunoni, au CabinZero ya lita 44 ambayo haifiki hata kilo moja kwa sababu haina fremu wala madoido, ni mfuko tu wenye mikanda. Mie ningeambiwa nichague kwa matumizi yetu ya huku ningechukua la pili kwa ajili ya uzito, lakini mwenye mgongo wa matatizo achukue la kwanza. Kwa mtumba yote mawili unaweza kubahatika, balo ni bahati.

Nyumbani nimelifua kwa mkono, beseni, sabuni ya unga kidogo na brashi laini, si mashine maana mashine ndio inaumalizia ule utando, nikalianika kivulini kwenye upepo limegeuzwa nje ndani. Jua letu la saa saba usiliamini na begi, linakausha sponji.

Nnavyofunga mie: laptop kwenye mfuko wake wa mgongoni, chini kabisa viatu vya pili vimo kwenye mfuko wa kitambaa, baibui mbili za kitambaa cha nida nazikunja kwa mviringo na nida haishiki mikunjo, nguo za ndani ya baibui tatu nne, doti moja ya kanga ambayo ni shuka, ni taulo, ni ya kusalia na ukiishiwa ni mto. Hii kanga ndio siri ya kusafiri mwepesi na sisi tunayo tangu zamani tumeidharau tunabeba taulo la kilo. Kanzu ya mume wangu nimejaribu kuitia humo mara, ikitoka inaomba pasi, kwa wanaume wenye kanzu za pamba labda muiviringishe juu ya kila kitu mwisho, au mkubali tu.

Vya majimaji kwa safari ya nje, viwanja vingi ni ile sheria ya kila chupa isizidi mililita 100 na zote zikae kwenye kifuko kimoja cha kuonekana ndani cha lita moja, hii tunayo tangu 2006 na bado kila safari namuona mtu ananyang'anywa mafuta ya nazi ya chupa ya soda. Halwa ya Wete ieke kwenye mzigo wa chini kama unao, usije ukaanza kumueleza mkaguzi wa nchi za watu hii ni kitu gani. Pawabenki kinyume chake, lazima iwe mkononi, haiendi chini, na mpaka wati-saa 100 hawana neno, ile ya kawaida ya mAh elfu ishirini ni kama 74 kwa hiyo umo, ila Emirates tangu Oktoba 2025 unaruhusiwa moja tu na huruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Yangu naeka kwenye kile kimfuko kidogo cha juu, na hapo ndipo zinapokaa pasi na kitambulisho, nafungua kwa mkono mmoja foleni inasogea.

Na kwa wanaotoka Pemba, begi liwe na nafasi namna gani msitie karafuu jamani. Hata kile kifuko cha shangazi cha "zawadi tu". Mnunuzi wa karafuu ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake na kuzitoa kwa magendo ni kesi, bandarini wanajua harufu yake kuliko mbwa.

Haya maudhi yake sasa. La kwanza halina mfuko wa chupa ya maji ubavuni, hata mmoja. Begi la kutembelea lisilokuwa na pahala pa maji kwa joto hili! Natia chupa ndani, na chupa ndani pembeni ya laptop ni roho juu safari nzima. La pili ndani ni jeusi tii, ukitafuta hereni au laini ya simu usiku ndani ya boti umeme hafifu unapapasa mpaka basi, mabegi yenye kitambaa cha ndani cha kijivu au cha njano yana akili zaidi, ukilipata hilo chukua. La tatu mfuko wa laptop unafika mpaka chini kabisa hauna sponji chini, ukilitua begi kwa pupa unasikia laptop imegusa sakafu, nimeshona kipande cha mkeka wa mazoezi hapo, kimetulia.

La nne hili kwa kina dada wenzangu. Baibui inateleza. Mikanda ya mgongoni kwenye nida au satini haikai, kila hatua ishirini unaipandisha bega, kwa hiyo ule mkanda mdogo wa kifuani unaounganisha huku na huku si pambo, ndio unaolishika begi lote. Langu lilikuja klipu yake imevunjika, nikatoa ya begi bovu la skuli la mwanangu nikaitia. Na mwisho wa mikanda wameeka velkro, ile inayofanya kraaa ukiibandua, kwa ajili ya kuviringishia mkanda unaozidi, basi inanasa mtandio. Mitandio miwili ya shifoni imeshatoka nyuzi kwa ajili yake. Nimeikata kwa mkasi nikafunga fundo, fundo halinasi kitu. Ukienda kununua pitisha mtandio wako uliovaa kwenye mikanda yote muuzaji akikuona, atafikiri una wazimu lakini utajua.

Na mgongo unatoka jasho, hilo silihesabu, hakuna begi la mgongoni Zanzibar mwezi wa pili lisilokutoa jasho.

Nani asilinunue. Mfanyabiashara anaekwenda Dar kuchukua mzigo hili halimfai, yeye achukue lile begi kubwa la shangazi kaja na mchukuzi wake. Mwenye mtoto mchanga mgongoni au kifuani pia hapana, vitu vya mtoto peke yake vinakula lita thalathini. Wazee wenye mabega mabovu, hao sanduku la magurudumu ni haki yao na terminal 3 ya uwanja wa ndege sakafu yake inateleza vizuri. Na kama safari zako ni za ndege kubwa tu, unatoka nyumbani kwa teksi unashukia mlangoni kisha hoteli, magurudumu hayatakusumbua, ila pima uzito wake tupu kwanza.

Wanaotaka dogo kuliko hili, lita 28 mpaka 30 linatosha kwa Pemba ya siku mbili na linaingia chini ya kiti cha boti bila kulikunja, nimeona mengi mtumba na bei yake inashuka mpaka ishirini na tano. Ukienda nenda asubuhi balo linapofunguliwa, muulize kijana siku anayofungua, mchana ukifika yamebaki yale yanayonata.